Kaunta ya Mzee: Mbona risasi nyingine hudoda?

Mwandishi wa safu hii alikaa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya uvuvi na uwindaji mjini Malindi mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Barua alizochagua mwezi huu zote zinahusu risasi.

SWALI: Shikamoo ami. Tulipobomoa kiambaza kibovu katika nyumba ya babu hapa Mkomani, tumekuta mkebe wa biskuti una maganda matupu ya risasi na kikasha cha karatasi cha manjano na nyekundu, kimeandikwa Kynoch na namba .318. Babu alikuwa akifuatana na wawindaji bara. Nimemwonyesha askari mmoja mstaafu, akasema .375 anaijua lakini .318 hajapata kuisikia. Kama risasi hii ilikuwa nzuri hata ikafika Amu, imepoteaje? – Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako. Kabla ya yote, uangalie mkebe huo vizuri. Tazama kitako cha kila ganda, pale katikati penye fataki, kile kidude cha kuwasha baruti. Kama pana kidoto kilichobonyea na mdomo wa ganda uko wazi, hiyo imeshapigwa. Ukikuta hata moja ambayo fataki yake ni laini, au ambayo kichwa, ile ncha inayoruka, bado kimekaa mdomoni, iache hapo hapo ilipo, watoto wasiisogelee, na uwaite polisi waje waichukue. Kuwa na risasi bila cheti ni kosa kwa sheria ya silaha ya Kenya, hata ikiwa ya babu na hata ikiwa imeota kutu.

Sasa tuje kwenye swali lako. Nimefurahi sana kuliona jina hilo. Namba kama .318 au .375 hutaja, kwa makadirio, upana wa mtutu au wa kichwa kwa inchi. Risasi ya .318 ilitolewa mwaka 1910 na Westley Richards, mafundi wa bunduki wa Birmingham, Uingereza. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 16 hivi, kirefu, chembamba, kinapenya mno. W.D.M. Bell, yule mwindaji wa ndovu aliyezunguka Karamoja kule Uganda, aliitumia na akaisifu. Basi lifute kabisa wazo la kwamba ilipotea kwa udhaifu. Risasi dhaifu haidumu nusu karne Afrika.

Nikueleze mambo yalivyokuwa kwa upande wangu wa kaunta, kwa sababu ndiko risasi inakofia. Nyuma yetu palikuwa na kabati la chuma lenye kufuli mbili, na kila kikasha kilichotoka kiliandikwa daftarini na kwenye cheti cha mnunuzi. Kabati lile lilikuwa dogo. Tajiri wangu alikuwa akinunua mali kwa fedha taslimu kutoka Mombasa na Nairobi, na kikasha kikikaa misimu miwili hakijauzwa, hewa yetu hii ya chumvi huanza kazi: shaba inafifia, halafu vidoa vya kijani vinatokeza shingoni mwa ganda, pale kichwa kinapoingia. Mteja akiviona vidoa vile haichukui hata kwa nusu bei, na ana haki. Kwa hiyo tajiri aliagiza zile tu zinazotoka: .303, .30-06, .375, .458, na za shotgani. Zilizobaki alizikataa hata wakala akimpigia magoti.

Kila kaskazi wageni walipoingia, palikuwa na mmoja aliyekuja mbio dukani, bunduki anayo mkononi, sanduku la risasi limepotelea kwenye ndege. Safari ya Galana inaondoka alfajiri. Swali la kwanza nililomwuliza ni namba. Akisema .375, nilimfungia vikasha vyake, akaondoka anacheka. Akisema namba ya ajabu ajabu, bunduki yake ya thamani iligeuka kuwa fimbo. Mtu wa namna hiyo akirudi kwao huwaambia rafiki zake wote, na wale rafiki wakienda kununua bunduki wanataka .375. Ndiyo sababu nasema risasi hufia kwenye kabati la duka, tena duka la mbali kama letu, kabla haijafia porini. Duka haliiweki kwa sababu watu hawana bunduki yake. Watu hawanunui bunduki yake kwa sababu dukani haipo. Ni kama mashine za boti huko kwenu. Mvuvi wa Kizingitini haulizi mashine ipi ina nguvu kuliko zote duniani, anauliza ipi ambayo plagi na propela zake atazipata Amu siku ikimharibikia.

Sasa linganisha. Holland & Holland, mafundi wa bunduki wa London, walitoa .375 mwaka 1912. Mwanzoni waliifanya mali yao peke yao, kama desturi ya wakati huo ilivyokuwa, lakini baadaye waliiachia wengine. Winchester ya Marekani ilipoanza kutengeneza bunduki yake ya Model 70 katika miaka ya 1930, iliiweka .375 humo. Tangu hapo risasi hiyo ikawa na viwanda pande mbili za bahari. Hiyo .318 ilibaki ya Waingereza, ikitegemea zaidi kiwanda kimoja, Kynoch, hicho ulichoona jina lake kwenye kikasha. Kynoch ilipoanza kuacha kutengeneza risasi za uwindaji wa wanyama wakubwa katika miaka ya 1960, .318 ilikatikiwa na riziki. Makoloni yalikuwa yamekwisha, wanunuzi wamepungua, na hapakuwa na Mmarekani wa kuipokea.

Hata .416 ya Rigby, mafundi wengine wa London, ambayo leo inaenziwa, ilipita mlango huo huo. Ni ya mwaka 1911, risasi bora mno: ganda lake ni pana makusudi, ili baruti ya wakati ule isifanye shinikizo la hatari kwenye joto kama letu, maana joto likipanda na shinikizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, hupanda, ganda linanata, na mtu anashindwa kuvuta bolti ya kulitoa huku nyati yuko mbele yake. Lakini Rigby waliuza bunduki chache, za bei ya juu. Iliyoiokoa ni sifa. Harry Selby, mwindaji wa hapa Kenya, alitembea nayo, na mwandishi wa Marekani Robert Ruark akamwandika katika miaka ya 1950. Jina likabaki vinywani mwa watu hata risasi yenyewe ilipokuwa haipatikani, mpaka Ruger, kiwanda cha Marekani, wakatoa bunduki yake ya bei ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hiyo .318 haikupata bahati ya namna hiyo.

Halafu kuna .470, ambayo napenda kuitaja kila nikipata nafasi. Serikali ya Uingereza ilipiga marufuku risasi za .450 India na Sudan mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hofu kwamba zingewafaa waasi wenye bunduki za Martini-Henry za upana huo huo wa mtutu. Mafundi wa Uingereza wakakimbilia kutengeneza mbadala: .465, .470, .475, .476, kila mmoja na yake, karibu zote zina nguvu sawa. Mwindaji akipigwa teke begani na bunduki ya yoyote kati ya hizo hatajua tofauti, wala ndovu hatajua. Iliyowashinda wenzake ni .470 ya Joseph Lang, na ilishinda kwa sababu Lang hakuifungia. Fundi yeyote aliyetaka kuitengenezea bunduki aliitengenezea. Wenzake walioshika zao kwa wivu walizikwa nazo.

Kile kikasha cha karatasi kitunze pakavu, ndani ya bahasha. Ni kumbukumbu ya babu.

SWALI: Mzee, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Malindi, nasoma biashara. Nimesikia kampuni kubwa za Marekani hutoa risasi mpya yenye kasi zaidi, matangazo kila mahali, halafu baada ya miaka michache haipo. Je, hawafanyi vipimo? – Msomaji, Barani, Malindi

JIBU: Wanafanya vipimo vizuri sana, mwanangu. Wanapima risasi. Wanachokosea ni kumpima mnunuzi.

Chukua mwaka 1955. Winchester na Remington, mahasimu wa siku zote, walitoa karibu kwa wakati mmoja risasi mbili za kipenyo kimoja, milimita 6. Winchester iliita yake .243, Remington .244. Ile ya Remington ilikuwa na ganda kubwa kidogo, baruti inaingia zaidi, hivyo kwa haki ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Leo .243 inauzwa dunia nzima. Hiyo .244 uulize wazee.

Tofauti ilikuwa ndani ya mtutu. Ukichungulia mtutu wa bunduki kwenye mwanga utaona mifereji inayopinda ikizunguka kutoka chemba mpaka mdomoni. Mifereji hiyo ndiyo inayokizungusha kichwa kisiyumbe hewani. Kichwa kizito cha kipenyo kile kile lazima kiwe kirefu, na kirefu kinataka kuzungushwa kwa kasi zaidi. Mtutu wa Remington ulimaliza mzunguko mmoja kila inchi 12. Wa Winchester kila inchi 10. Inchi mbili hizo ndizo zilizoamua yote.

Remington walimfikiria mtu anayepiga wanyama wadogo waharibifu mashambani, kwa hiyo risasi zao za kiwandani zilikuwa na vichwa vya gramu 4.9 na 5.8, na mtutu wao ulivitosha. Winchester walimfikiria mtu mwenye bunduki moja tu ya kufanyia kazi zote: leo mbweha, kesho kulungu. Wakamwekea kichwa chepesi cha gramu 5.2 na kingine cha gramu 6.5, na mtutu wa kuvimudu vyote viwili. Mwindaji wa kulungu aliyesimama dukani alisoma vikasha viwili, akaona .243 ina risasi ya kulungu na .244 haina. Akijaribu mwenyewe kupakia kichwa cha gramu 6.5 kwenye .244, baadhi ya bunduki zilikirusha kikayumba, na kwenye karatasi ya shabaha unaona tundu refu la ubavu badala ya tundu la duara. Nani atakwenda kuwinda na kitu hicho?

Remington waliona. Mwaka 1963 walibadilisha mtutu, mzunguko ukawa kila inchi 9, na wakaipa risasi ile ile jina jipya, 6mm Remington. Ganda ni lile lile, dosari imeondoka, na bado nguvu inapita ya .243. Haikusaidia. Miaka minane ilitosha kwa kila duka kujaza .243 na kwa kila kijana kurithi ya babake. Wewe unayesoma biashara, ukae na kisa hiki kuliko vingine vyote. Dosari ilisahihishwa kiwandani, dukani haikusahihishika.

Ya kasi pia nikuambie. Mwaka 2003 Winchester walitoa risasi fupi nene, kundi waliloliita WSSM, ya .223 na ya .243, na baadaye ya .25. Kasi ilikuwepo kweli. Lakini ganda nene fupi haliteremki vizuri kutoka magazini kwenda kwenye chemba, linataka bunduki iliyoundwa kwa ajili yake, na watengenezaji waliokubali walikuwa wachache. Mitutu nayo ilisemwa kuchakaa upesi. Kisha kiwanda cha bunduki za Winchester cha New Haven kikafungwa mwaka 2006, na mlezi mkuu wa risasi hizo akaondoka. Na kilichokuwa kikiahidiwa kilikuwa nini? Kasi kidogo zaidi ya .22-250 na ya .243 ambazo mtu tayari anazo, na kikasha chake kinapatikana kila mji. Mnyama hapimi kasi hiyo. Mnunuzi hupima mfuko wake.

Nyingine hufa kwa kuwa na mzazi mmoja. Mwaka 1970 Remington walitoa risasi ndogo ya milimita 5, ambayo fataki yake iko ukingoni mwa kitako badala ya katikati, kali kuliko .22 za wakati huo. Bunduki zake walitengeneza wao, wakaacha kuzitengeneza mwaka 1974, na baada ya miaka risasi nazo zikakatika. Watu wakabaki na bunduki nzima isiyo na cha kulisha.

Ukitaka kuona kinyume chake, tazama 6.5 Creedmoor ya Hornady, kiwanda cha risasi cha Marekani, ya mwaka 2007. Kabla yake ilikuwepo .260 ya Remington, ya mwaka 1997, kipenyo kile kile, nguvu karibu sawa. Hornady walifupisha ganda kidogo ili vichwa virefu vya kisasa vikae bila kusukumwa ndani mno, wakataka mtutu wa mzunguko wa inchi 8 unaovimudu, wakauza risasi ya mashindano kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza, na kwenye kikasha wakachapisha vipimo vya baruti kwa anayependa kupakia mwenyewe. Hilo la mwisho linanigusa sana kama muuzaji. Waliotangulia walificha, hawa walimpa mnunuzi siri mkononi. Mwenye duka akiona mtu anarudi kununua tena, anaagiza kikasha cha pili bila kubembelezwa.

Usidhani nasema duka huchagua kilicho bora. Hiyo .458 ya Winchester, ya mwaka 1956, ilitoka na kasoro ya wazi. Walitaka nguvu ya bunduki kubwa za Kiingereza katika ganda fupi linaloingia kwenye bunduki ya kawaida, kwa hiyo baruti ilishindiliwa mpaka nyingine ikaganda pamoja na isiungue sawasawa. Kwenye karatasi kichwa cha gramu 32 kilikuwa kiende karibu mita 650 kwa sekunde, lakini porini nyingi zilikuwa chini yake, na kwa ndovu hilo ni suala la roho ya mtu. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alikwenda akatengeneza yake yenye ganda refu zaidi, .458 Lott. Hata hivyo .458 ya Winchester ilitamba, kwa sababu Kynoch walikuwa wanafunga kazi na hiyo ndiyo risasi nzito iliyopatikana kila kabati, pamoja na letu. Baadaye viwanda viliirekebisha. Lakini iliuzwa kabla ya kurekebishwa, na hilo lilikuwa linaniuma kila nikifunga kikasha.

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba alikuwa akisimulia kuwa kuna Mzungu mkubwa aliuawa na simba nchini kwetu kwa sababu ya risasi yake kuwa ya kasi mno. Sisi watoto tulidhani ni hadithi tu. Je, ni kweli? – Mama Fatuma, Shella, Malindi

JIBU: Marahaba, mama. Babako alisema kweli. Mtu huyo ni George Grey, ndugu wa Sir Edward Grey aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 1911 alikuwa akiwinda simba kwa farasi kwenye mbuga za Athi, pamoja na Sir Alfred Pease. Alimsogelea simba karibu kupita kiasi, simba akamrukia, na risasi alizompiga simba huyo zikashindwa kumsimamisha. Alikufa Nairobi siku chache baadaye.

Bunduki yake ilikuwa .280 ya Ross, ya Kanada. Kwa wakati ule kichwa chake kilikuwa cha kasi ya kustaajabisha, zaidi ya mita 850 kwa sekunde. Lakini vichwa vya siku hizo havikuundwa kwa mwendo huo. Vikigonga msuli na mfupa wa karibu vilipasuka juu juu, vikafanya jeraha pana lisilofika ndani. Kwa swala wa mbali inatosha. Kwa simba aliyekwisha kuruka haitoshi. Habari ya kifo chake ilienea haraka kwa kuwa jina lilikuwa kubwa, na wawindaji wa Afrika Mashariki wakaiogopa Ross. Kisha vita vikuu vikaja. Bunduki za Ross walizopewa askari wa Kanada, za .303, ziliganda kwa matope ya mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, wakanyang'anywa na kupewa Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza. Ilikuwa risasi nyingine, ila jina lilikuwa moja, na mnunuzi hatenganishi. Hiyo .280 haikuinuka tena.

Namsikitikia Grey, na nasikitika pia kwamba wengi wanaosimulia kisa chake humlaumu yeye kwa ukaribu au risasi kwa kasi, kimoja kati ya viwili. Vyote viwili vilikuwepo pamoja siku ile.

SWALI: Ami, askari wa akiba wa kwetu walibeba .303 miaka na miaka. Risasi hiyo ni ya zamani, mbona haikufa kama hizo nyingine? – Kijana wa Matondoni, Lamu

JIBU: Kwa kuwa ilikuwa ya serikali. Uingereza iliichukua mwaka 1888, ikaitapanya dola nzima, na ikatengenezwa kwa wingi usiohesabika katika vita viwili. Risasi ya jeshi haihitaji kumbembeleza mwenye duka. Lakini hata serikali huua risasi nzuri. Waingereza walitengeneza .280 yao, si ile ya Ross, baada ya vita vya pili, nyepesi, ya kisasa, wakaipitisha mwaka 1951. Wamarekani walitaka yao ya 7.62 iwe ya NATO yote, Churchill aliporudi kuwa waziri mkuu wa Uingereza akakubali, na .280 ikafutwa kabla askari hawajagawiwa. Leo 7.62 hiyo ndiyo .308 ya wawindaji.

SWALI: Mzee wangu, mjomba yuko Arusha, anafanya kazi na kampuni ya uwindaji, ana kibali. Anashawishiwa anunue bunduki ya risasi mpya iliyotoka juzi. Umshauri nini? – Msomaji, Watamu

JIBU: Mwambie asiiangalie bunduki kwanza. Aende kwenye maduka ya silaha ya Arusha na Dar es Salaam, aulize ni vikasha vingapi vya risasi hiyo viko kabatini leo, vimetoka viwanda vingapi, na shehena iliyopita ilifika lini. Akijibiwa kuwa itaagizwa, ashukuru aondoke. Kwa kazi yake, .375 itamfikisha, na akitaka nzito zaidi .416 Rigby au .458 zipo. Na kwenye ndege risasi azigawe katika mabegi mawili, kwa utaratibu wa shirika.